Mlango Unaofungwa na Maji

Mkwe wa Dorika hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, wala hakuwahi kumwinulia mkewe, Edina, mkono. Kosa lake lilikuwa moja tu: alitaka kushuka chini ya Ziwa Tanganyika akiwa ndani ya mtungi wa chuma, akaone kuna nini.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa kompresa, wa zile kubwa za migodini, na chuma chake kilikuwa kinene kupita kiasi. Libérat, ndiye mkwe huyo, aliununua kama chuma chakavu, akauburuta mpaka kwenye karakana yake ya kuchomelea pale Nsemulwa, Mpanda, na tangu siku hiyo majirani hawakukosa cha kuongea. Alitoboa madirisha mbele na ubavuni, akayaziba kwa plastiki nene inayopitisha mwanga. Akaweka betri, taa, na mapanga mawili ya feni, ya kusukuma maji ili mtungi ushuke au upande. Akaweka viti viwili vinavyopeana migongo, maana hapakuwa na namna nyingine ya kuvipanga. Juu kabisa akakata tundu la kupita mtu asiyekula sana, akalitengenezea mfuniko. Wachache waliuita nyambizi. Wengi walisimama mlangoni wakauliza, "Fundi, hilo sufuria linapikia nini?" Naye alicheka nao, akaendelea na kazi.

Dorika hakucheka. Alikuwa Msukuma wa Kasansa, mjane wa Damiano, fundi wa malori aliyeondoka kwa homa ya ghafla, na tangu hapo aliishi kwa kukata gasketi: za mashine za kusaga, za pampu za maji, za injini za kila aina. Ukikata gasketi miaka yote hiyo unajua jambo moja, kwamba kila kilichofungwa kuna siku kitavuja. Ndilo lililokuwa likimpa ugali. Na ujane aliujua pia. Alijua ulivyo kupika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha ukae unakitazama. Binti yake alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na Dorika hakuwa tayari kumwona akiyapitia hayo kwa ajili ya sufuria.

"Mwambie mumeo," alimwambia Edina, "mpira wa huo mlango nitauchagua mimi. Nisipouridhia, haendi mtu."

"Mwambie mama nimesikia," akajibu Libérat.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa mtungi, karibu kabisa, lakini hivyo ndivyo walivyoongea siku zote. Kwa Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anachepuka. Libérat alizaliwa Katumba na wazazi waliotoka Burundi, na kwao nako heshima ya ukweni haikuwa ya kuchezea, kwa hiyo hili halikumpa taabu. Edina ndiye aliyechoka. Alikuwa anabeba maneno huku na huko kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri tu.

Basi Dorika akaanza kuchagua. Wa kwanza ulikuwa utepe wa tyubu ya lori, uliopatikana bure. Akaukunja, akauvuta, akautazama pale ulipoungwa, akautupa. Wa pili ulikuwa wa mlango wa friji, laini, wenye hewa ndani. Libérat aliupenda huo kwa sababu mfuniko uliuangukia bila kelele. Dorika akauwekea jiwe la kusagia juu yake, akalala. Asubuhi alipoliondoa jiwe, mpira ulibaki umelala chapati.

"Mwambie mumeo, huu ukilaliwa hauamki. Mpira wa kweli ukiubinya unakubinya na wewe."

Wa tatu ulikuwa mpira wa mviringo, mzima ndani, wenye unene wa kidole gumba. Huo aliuuma kwa meno ya pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwagiza Libérat achimbe mfereji kwenye shingo ya tundu, mpira ukae humo, lakini mfereji uwe mpana kuliko mpira. Libérat hakuelewa. Kwa nini usibane? Dorika akajibu, kupitia kwa Edina, kwamba mpira haupungui ukikandamizwa, unahama tu, kama mtu aliyesongwa kitandani; ukimnyima pa kwenda atakuinua wewe. Akazikata ncha zake kwa mshazari, ili zikibanwa zilaliane badala ya kusukumana, akazigandisha. Ulikaa vizuri sana. Hata majirani walikuja kuutazama.

Hapo ndipo Libérat alipoingiza mawese. Kwao Katumba mlango ukilia unapakwa mawese, goti likiuma linapakwa mawese, jembe jipya na mtoto mchanga vyote vinapakwa, na haijawahi kutokea mtu akalaumiwa. Aliuona mpira mkavu akauonea huruma. Akaupaka mzunguko mzima, kwa mapenzi, bila kumwambia mtu. Siku chache baadaye Dorika aliukuta umenenepa na kulegea, umepanda nje ya mfereji wake. Akaunusa. Akakaa chini.

"Edina. Muulize mumeo kama alitaka kuukaanga."

Libérat aliinama nyuma ya mtungi wake kama aliyedondosha kitu. Mpira wa nne ulikuja na basi kutoka Mwanza, mweusi, mgumu kidogo, wa aina inayotumika kwenye mitambo ya dizeli, usiojali mafuta ya mtu yeyote. Dorika aliukata, akauunga, akaulaza kwenye mfereji wake, na hakumruhusu mtu kuugusa mpaka ulipopakiwa kwenye Fuso.

Huko Karema, ufukweni mwa ziwa, walipokelewa na Othmani, mfanyabiashara wa dagaa na migebuka, mwenye boti kubwa la mbao. Yeye na Libérat walijuana kwa kazi, kwani Libérat ndiye aliyemchomelea kitako cha injini. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia. Vijana wa Othmani waliufunga mtungi kamba nene, wakauning'inizia magunia ya mawe ili uzame, wakauvuta nyuma ya boti mpaka pale ambapo rangi ya maji inageuka ghafla, kutoka kijani kwenda buluu iliyokolea. "Hapa," alisema Othmani, "mababu walishusha kamba zikawaishia mikononi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake."

Jaribio lilikuwa la Dorika. Aliweka ndani, chini kabisa ya tundu, sinia lililotandazwa unga wa muhogo mkavu. Unga hausemi uongo: tone moja likidondoka linaacha shimo. Wakafunga mfuniko, wakauzamisha mtungi hatua chache tu chini ya uso wa maji, wakauvuta.

Dorika alipoingiza mkono akatoa sinia, unga ulikuwa umeanza kuwa uji.

Libérat alichukua spana ndefu, akauparamia mfuniko, akakaza bolti kwa mwili wote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwambie si geti la ng'ombe hilo! Ataupinda!"

Aliupinda. Unga mpya ulitoka umeloa zaidi ya ule wa kwanza, maana chuma kilikuwa kimejikunja kati ya bolti na bolti. Ikabidi alegeze zote, akaze upya kidogo kidogo, kwa zamu, kama anayesambaza mzigo. Dorika akatandaza unga kwa mara nyingine. Moyoni alikwishaamua. Aliusikiliza moyo wake na kukuta, pamoja na huzuni, kuna nafuu kubwa: mpira umeshindwa, mkwe atarudi nyumbani kuchomelea vitanda, binti yake atazeeka na mumewe. Alikuwa tayari anatunga maneno ya kumtuma Edina.

Mtungi ulipofika chini ya uso wa maji, gunia moja la mawe likazunguka, kamba ikawaponyoka vijana. Ikakimbia juu ya ubao wa boti ikitoa moshi. Watu walipiga kelele. Libérat alitaka kuidaka, Othmani akamkumbatia kiunoni, na vizuri alifanya, vinginevyo angebaki bila vidole. Kamba ilikwenda, ikaenda, mpaka ikafika mwisho wake na kukaza kwenye boriti kwa kishindo kilicholaza boti ubavu. Miezi yote ya kazi ya Libérat ilikuwa inaning'inia huko gizani, na maji hayakuonyesha chochote.

Kuuvuta kulichukua muda mrefu. Kila mtu alishika kamba, hata Dorika, hata Edina na mtoto wake mgongoni. Mtungi ulipoibuka, hakuna aliyetaka kufungua. Dorika akafungua yeye, maana mpira ulikuwa wake. Aliingiza mkono akitegemea kukuta maji.

Sinia lilitoka jeupe. Upande mmoja kulikuwa na vishimo vichache, kama mtu alipiga chafya juu yake. Kwingine kote unga ulikuwa mkavu, wa kupeperuka.

"Haiwezekani," alisema Libérat. "Juu pale ulivuja. Chini kule, muda wote ule..."

Dorika aliweka kiganja juu ya mfuniko, ukiwa bado na baridi ya huko ulikotoka, na nywele zikamsimama. Maisha yake yote alikuwa akizuia vitu vinavyotaka kutoka: mvuke, mafuta, moto wa injini. Nguvu iko ndani, na wewe uko nje na bolti zako unaililia isitoke. Hapa nguvu ilikuwa nje. Juu juu, maji ni mepesi, hayaubani mfuniko ipasavyo, yanapenya penye uwazi. Lakini ukishuka yanaulalia. Ukizidi kushuka yanazidi kuulalia, mpaka ziwa zima limekaa juu ya mlango, linaukandamiza kwenye mpira, linajizuia lenyewe kuingia. Bolti za Libérat zilikuwa za kuuombea mlango ufike huko tu. Kitu kile alichokiogopa miezi yote ndicho kilichokuwa kinashika mlango.

"Maji ndiyo yanayoufunga," alisema, na hakumwambia Edina amwambie mtu. Alisema tu.

Othmani akashusha pumzi. "Subhanallah."

Sasa basi, Damiano alikuwa na sheria moja gereji, na haikuwa na msamaha. Fundi aliyefunga breki za lori ndiye anayepanda lori hilo linapokwenda kujaribiwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Hakuna kutuma mtu. Hakuna kusema tumbo linauma. Dorika alimkatia mumewe gasketi miaka mingi na alimwona akipanda kila mara, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Akafunga kanga yake kiunoni.

"Nitakaa kiti cha nyuma, chini ya mlango. Niuangalie."

Edina alimtazama kama amesikia tusi. "Mama! Huyo si mkwe wako? Mtakaaje humo ndani?"

"Kwa kupeana migongo. Viti vimeshajipanga vyenyewe."

Libérat aliangalia ziwa, akaangalia boti, akaangalia kila kitu isipokuwa mama mkwe wake. Othmani alijipiga kofi pajani akacheka. "Fundi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na mama mkwe juu!"

Libérat angeushusha mtungi kwa mapanga yake, vijana wakimlegezea kamba. Walikubaliana ishara. Othmani alikuwa na tabia ya kusikiliza samaki kwa kasia: anazamisha ubapa, anaweka sikio kwenye mpini. Dorika angekuwa akigonga ukuta wa mtungi kwa spana, mara kwa mara, na Edina angekuwa na kasia sikioni. "Ukisikia tunagonga, sisi wazima," Dorika alimwambia. "Tukigonga fujo, au kimya kikizidi, waambie wavute. Usingoje."

Kisha mfuniko ukashuka juu yao, na sauti za watu zikakatika.

Ndani kulinuka rangi na betri. Migongo yao haikugusana. Kila mmoja alikaa amejikunja mbele, kwa adabu, jambo ambalo lingechekesha kama pangekuwa na wa kuona. Maji yalipanda kwenye dirisha, yakalifunika. Dorika aligonga. Akamulika mpira kwa tochi, akauzunguka wote kwa jicho, na pale ulipoungwa kwa mshazari akaona maji yanajikusanya. Tone likadondoka kwenye goti lake. Likafuata la pili. Kisha yakaanza kudondoka bila kupumzika, na moja likarukia shingo ya Libérat.

"Mama," alisema Libérat. "Mama, tunavuja. Napanda."

Kila kilichokuwa mwilini mwa Dorika kilisema panda. Mtu akiona chombo kinavuja anakimbilia juu. Hata mbuzi anajua hilo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ukuta, ugonge fujo, wavute. Akauzuia. Akaufikiria unga mweupe. Na kwa sababu humo hapakuwa na Edina wa kutuma, alinyoosha mkono nyuma, akamshika mkwe wake begani, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mwana.

"Shuka, baba," akasema. "Shuka usisimame."

Libérat akashuka. Matone yaliendelea. Kisha yakawa yanangojana. Dorika aliweka ncha ya kidole chini ya mshazari na kuhesabu pumzi kati ya moja na jingine, na pumzi zikaongezeka. Likaja tone lililovimba, likaning'inia, likatetemeka mwangani mwa tochi. Halikudondoka. Hakuna jingine lililokuja nyuma yake kulisukuma. Juu ya kichwa chake chuma kilitoa mlio mfupi, wa kitu kinachojikalia vizuri, na Dorika alielewa kwamba sasa hata wanaume wote wa Karema wakikusanyika hawawezi kuufungua mlango ule. Alidhani angeogopa. Badala yake aliegemea nyuma, mgongo wake ukakutana na mgongo wa Libérat, na hakuna aliyejisogeza.

Ndipo alipotazama dirishani.

Alitegemea matope. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chini ni kweupe hivi. Maji yalikuwa safi kuliko hewa ya barabarani Mpanda, na ndani yake milima ilisimama, milima ya mawe, yenye mabonde na mapango, na kila pango lilikuwa na wenyewe. Samaki wa milia, samaki wa manjano kama ndizi iliyoiva, samaki wadogo wa buluu wanaogombania jiwe moja kama majirani wanaogombania mpaka. Walikuja dirishani wakamtazama. Mmoja, mwenye ukubwa wa kidole tu, alikuwa na wingu la watoto mbele yake, wadogo kama punje za ulezi. Taa ilipowamulika, alifungua mdomo, na wote wakaingia. Wote. Akafunga mdomo, akageuka, akaondoka nao kimya kimya.

"Umeona?" alinong'ona Dorika. "Umeona huyo mama?"

"Ego," Libérat alijibu kwa Kirundi. "Ego, mama. Nimeona." Alikuwa analia. Dorika alimsikia kwa mgongo wake.

Wakazidi kushuka kando ya jabali. Mwanga wa juu ulibadilika, ukawa wa rangi ambayo Dorika hakuwa na jina lake katika Kisukuma wala Kiswahili. Halafu jabali likakatika, na chini yake hapakuwa na kitu. Taa ilimulika ikapotea. Giza lilikwenda chini, na chini, na lilikuwa hivyo tangu kabla ya mtu wa kwanza kuteka maji ufukweni, limekaa tu, halina haja ya kuonwa. Dorika alihisi udogo wake wote, na haukumuuma. Alifikiri: huku kumeumbwa hivi, kukapambwa hivi, na miaka yote mimi nanunua dagaa sokoni nikidhani nalijua ziwa. Alitamani kupiga magoti lakini hapakuwa na nafasi. Akakaa hivyo hivyo, mdomo wazi, spana imelala mapajani.

Kamba ikastuka. Ikastuka tena, kwa nguvu, na mtungi ukaanza kupanda kwa kasi, ukipepesuka. Jabali lilikimbia dirishani. Karibu na juu mshazari ukaanza tena kudondosha, Dorika akaupangusa bila hata kuutazama. Mwanga ukawa mweupe, mawimbi yakapiga, bolti zikalia, mfuniko ukang'oka.

Uso wa Edina ulikuwa pale kwenye tundu. Dorika aliuona akasahau yote. Ulikuwa umevimba kwa machozi, kilemba kimeanguka, na sikio moja lilikuwa na alama nyekundu ya mpini wa kasia. Uso huo Dorika alikuwa amewahi kuuona, kwenye kioo chake mwenyewe, wiki ya matanga ya Damiano. Alikuwa amechagua mipira minne, akaiuma na kuilaza chini ya mawe, ili mwanawe asiuvae. Na yeye ndiye aliyemvika.

"Hukugonga!" Edina alipiga kelele. "Nilisikia mara moja, halafu basi! Nimeweka sikio pale mpaka nimeacha kujua kama ninapumua. Nimeshawazika, mama. Wote wawili. Kwa nini hukugonga?"

Mtoto mgongoni alikuwa analia pia. Vijana wa Othmani walitazama kando.

Dorika alitaka kusema spana ilianguka. Ungekuwa uongo mwepesi, na ungeaminika, kwa jinsi mtungi ule ulivyobana. "Nilisahau," alisema.

"Ulisahau? Mimi niko hapa juu, wewe ulisahau?"

"Nilisahau kama kuna juu, mwanangu. Nisamehe. Nilisahau kila kitu."

"Kuna nini huko?"

Dorika akajiinua akapanda botini, akafungua mdomo. Akainua mikono, akaishusha. Alitafuta neno la maji yale, la milima, la mama yule mdogo na watoto mdomoni, la giza lile, na kila neno aliloshika lilikuwa la sokoni. Machozi yakamtoka, akacheka nayo, akatikisa kichwa. Edina alimtazama mama yake hivyo, hasira ikiwa bado haijamwisha. Kisha akafungua fundo la kanga kifuani, akamzungusha mtoto mbele, akampa Dorika.

"Mshike," alisema. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado kitini ndani ya mtungi hajui aweke wapi macho. "Mguu unawekwa wapi?"